Nani Aliilisha Nalanda?

Nalanda, monasteri kubwa ya Kibudha ya India ya kale, ikitajwa, hadithi huanzia kwenye moto. Jemadari wa Kituruki anavamia na wapanda farasi wake, watawa wanauawa, maktaba inawaka miezi mitatu mfululizo, na elimu ya Kibudha inafutika India. Simulizi hiyo inasambazwa sana, na anayeisoma huumia moyo. Lakini inatupa siku chache za mwisho za taasisi iliyoishi karibu miaka 700, na hata siku hizo inazisimulia kwa makosa. Karne zote zilizotangulia tunaachiwa majina ya wafalme na sifa za jumla. Kwa maoni yangu, anayetaka kuielewa Nalanda aingilie mlango wa jikoni.

Mnamo mwaka 637 mtawa wa Kichina, Xuanzang, alifika hapo baada ya kuvuka majangwa na milima ya Asia ya Kati akitafuta maandiko ambayo kwao yalifika nusunusu. Wasifu wake, ulioandikwa na mwanafunzi wake Huili, unataja posho aliyopangiwa kila siku: popoo 20, kungumanga 20, wakia moja ya kafuri na kipimo cha mchele wa mahashali. Punje za mchele huo zilikuwa nene kama maharagwe, ukipikwa ulinukia, ulilimwa peke yake Magadha, nchi ilimokuwa Nalanda, na walioula walikuwa wafalme na wanazuoni wakubwa. Siagi na maziwa vilikuja kila siku. Akitaka kutoka, alipanda tembo.

Vyote hivyo vilitoka wapi? Huili analijibu swali hilo bila kuzunguka. Mfalme alikuwa ameikabidhi monasteri mapato ya vijiji zaidi ya 100, na kaya za vijiji hivyo zilipeleka kila siku mamia ya vipimo vya mchele, siagi na maziwa. Kisha anaongeza jambo ambalo wengi hulipita haraka: kwa kuwa wanafunzi hawakulazimika kuomba chakula, mavazi, malazi wala dawa, ndiyo maana masomo yao yalifikia ukamilifu. Anayesema hivyo aliandika habari za mwalimu wake kwa mapenzi makubwa, na hakuona aibu kukiri kwamba kilele cha falsafa kilisimama juu ya gunia la mchele.

Magofu ya Nalanda yapo katika jimbo la Bihar, kusini-mashariki mwa mji wa Patna, karibu na vilima vya Rajgir. Monasteri ilianzishwa katika karne ya 5 chini ya wafalme wa ukoo wa Gupta, na anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi ni Kumaragupta wa Kwanza. Wafalme hao kwa sehemu kubwa walikuwa waumini wa Vishnu. Waliigharimia nyumba ya dini isiyo yao, na warithi wao wakaiongezea majengo. Karne ya 7 akaja Harsha wa Kannauj, na kuanzia karne ya 8 ukoo wa Pala, ambao wenyewe walikuwa Wabudha. Kuna ushindani mkali siku hizi wa nani alikuwa na chuo kikuu cha kwanza duniani: Nalanda, al-Qarawiyyin ya Fez au Bologna. Mashindano hayo hayanivutii. Nalanda haikutoa shahada kama tunavyozijua, na haikuhitaji kuitwa chuo kikuu ili iwe kubwa.

Ukubwa wenyewe umetiwa chumvi. Kila makala utakayosoma itakwambia palikuwa na watawa 10,000. Hesabu hiyo ni ya Huili. Lakini Mchina mwingine, Yijing, aliishi Nalanda takriban miaka 10 kuanzia miaka ya 670, na yeye anataja watawa wapatao 3,000 na vijiji zaidi ya 200. Tuyaulize matofali. Wachimbaji wa Idara ya Akiolojia ya India walifukua eneo hilo kati ya 1915 na 1937 wakakuta nyumba za watawa 11 zikiwa zimepangwa safu, na mbele yake mahekalu. Nyumba ya kawaida ina ua katikati, kisima, mfereji wa maji machafu kwenye kona, na vyumba thelathini na kitu kuzunguka ua, kila kimoja cha mita 3 hivi kwa 3. Tuseme kila nyumba ilikuwa na ghorofa mbili, vyumba 40 kila ghorofa, na watawa wawili kila chumba: nyumba 11 zingelaza watu 1,760. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya eneo bado iko chini ya mashamba na makazi. Hata hivyo, 3,000 ya Yijing inaelekea kwenye ukweli kuliko 10,000. Nayo 3,000 ni watu wengi. Kuwalisha watu wazima 3,000 wasiolima, mwaka baada ya mwaka, katika nchi inayotegemea mvua za masika ya pepo za kusi, ni kazi nzito kuliko kujenga mnara.

Mchele huo ulinunua nini? Ulinunua muda wa kubishana. Mgeni aliyetaka kuingia alihojiwa langoni na mlinzi aliyekuwa msomi, na Xuanzang mwenyewe anaeleza kwamba katika kila wageni 10, 7 au 8 walishindwa wakarudi walikotoka. Ndani palisomwa Mahayana, tawi kubwa la Ubudha, pamoja na mafundisho ya madhehebu 18 ya Kibudha. Palisomwa pia Veda (maandiko matakatifu ya Kihindu), mantiki, sarufi, tiba na falsafa ya Kihindu ya Samkhya, yaani maandiko ya wapinzani yalisomwa kwa makini kama ya wenyeji. Mtu hakuweza kumshinda mpinzani kabla ya kumwelewa. Saa ya maji ilipima zamu za mchana na usiku, na Yijing anasimulia jinsi kengele ilivyolia asubuhi na mamia ya watawa wakateremka kwenye mabwawa kuoga, kila mmoja na kitambaa chake. Aliyeng'ara kwenye midahalo, jina lake liliandikwa kwa rangi nyeupe juu ya lango refu.

Humo ndimo Shilabhadra, mkuu wa monasteri aliyekuwa mzee sana, alimfundisha Xuanzang matini za Yogachara, mkondo mmoja wa falsafa ya Kibudha. Ndimo jadi inapomweka Dharmakirti, mwanafalsafa wa karne ya 7 aliyeuliza tunajuaje kwamba tunachokijua ni kweli, akataka kila dai, hata la dini yake, lisimame juu ya utambuzi wa hisia au hoja sahihi. Ndiko alikotoka Shantarakshita aliyealikwa Tibeti katika karne ya 8 na kushiriki kuanzisha Samye, monasteri ya kwanza ya nchi hiyo. Fikra za namna hiyo hazizaliwi na mtu anayewaza ataomba wapi chakula cha jioni.

Kitu kimoja kilichotoka ardhini kinanishawishi kuliko wasifu wote. Mwaka 1921, katika nyumba ambayo wachimbaji waliipa namba 1, ilipatikana hati ya bamba la shaba ya mfalme Devapala wa ukoo wa Pala, ya karne ya 9. Balaputradeva, mfalme wa Suvarnadvipa, yaani eneo la Sumatra katika Indonesia ya leo, alikuwa amejenga nyumba ya watawa Nalanda. Akamwomba Devapala atenge vijiji vitano kwa ajili yake. Devapala akakubali, na bamba likachorwa. Hati inaeleza mapato yatumike kwa nini: sadaka kwa Buddha, chakula cha watawa, mavazi yao, vitanda, dawa za wagonjwa, kunakili vitabu, na kukarabati jengo litakapobomoka.

Msomaji wa pwani yetu, ambako misikiti na madrasa zimeishi kwa wakfu wa mashamba na nyumba, ataitambua hati ya aina hii mara moja. Mtoaji yuko mbali, hatasoma humo wala hatazikwa humo. Anachokifunga ni mapato, na anayafunga kwa mambo yanayochosha: dari inayovuja, mgonjwa aliyelala, mnakili anayehitaji wino. Kunakili vitabu kumewekwa sawa na chakula. Majani ya jamii ya mitende waliyoandikia hayadumu katika joto na unyevu wa Bihar. Wadudu huyatafuna, ukungu huyaoza. Maktaba pale ilikuwa kazi ya mikono isiyokoma, kizazi kikinakili cha kizazi kilichopita. Akikosekana wa kumlipa mnakili kwa miaka mia moja, vitabu vinaisha vyenyewe bila askari hata mmoja kuonekana.

Hapa ndipo napopingana na wanaoisifu Nalanda kwa sauti moja tu. Vijiji 100, au 200, au vile vitano vya Balaputradeva, havikuulizwa. Wafalme waligawa mapato ya watu wengine. Wachimbaji wa Nalanda walipata mihuri ya udongo yenye majina ya vijiji, ushahidi kwamba vilikuwa na mabaraza yao na barua zao na monasteri. Majina ya wakulima hayamo. Yijing anatupa picha moja adimu, ingawa si ya Nalanda bali ya monasteri moja ya Tamralipti, bandari ya Bengal. Alipofika aliwaona wapangaji wa shamba la monasteri wakizigawa mboga mafungu matatu kwenye uwanja wa nje. Fungu moja wakawakabidhi watawa, mawili wakaondoka nayo. Aliuliza maana yake akaelezwa kwamba kanuni inamkataza mtawa kulima mwenyewe, kwa hiyo ardhi hupewa watu wailime kisha mavuno yagawanywe. Mwenye kulishika jembe anaujenga ubongo wa mwingine. Theluthi moja si unyang'anyi kwa vipimo vya zama hizo, na huenda wakulima wale waliona ni thawabu. Sikatai. Ninachokataa ni kuisimulia taasisi hii kana kwamba ilijilisha yenyewe kwa hekima.

Na kwa kuwa haikujilisha, kudhoofika kwake kulianza mbali na uwanja wa vita. Wafalme wa Pala walijenga monasteri nyingine kubwa. Dharmapala alianzisha Vikramashila ukingoni mwa Ganga, na zikawepo Odantapuri, Somapura katika Bangladesh ya leo, baadaye Jagaddala. Zilibadilishana walimu, lakini hazina iliyozilisha ilikuwa moja. Mwalimu mkubwa wa karne ya 11, Atisha, alipoitwa Tibeti alitoka Vikramashila. Katika karne ya 12 ukoo wa Pala ukaporomoka na nafasi yake Bengal ikachukuliwa na ukoo wa Sena, ambao sadaka zao zilielekea kwa Wabrahmani, yaani makuhani wa Kihindu, na mahekalu yao. Hiyo ilikuwa hatari kuliko ilivyoonekana, sababu watawa walikuwa wameshajitenga na watu wa kawaida kiasi kikubwa. Mwanakijiji aliyezaa mtoto, aliyeoza binti au aliyefiwa hakumhitaji mwanamantiki wa Nalanda. Alimhitaji Brahmani wa kijijini kwake. Ufadhili wa jumba la mfalme ulipokauka, hapakuwa na kaya zilizojiona zina deni la hiari kwa monasteri.

Sasa tuje kwenye moto. Chanzo cha karibu zaidi ni historia ya Minhaj-i-Siraj, mwandishi wa Kiajemi wa karne ya 13. Anasimulia kwamba Bakhtiyar Khalji, yule jemadari wa Kituruki, akiwa na wapanda farasi wapatao 200, aliivamia ngome ya mahali paitwapo Bihar. Wakazi wengi wa humo walikuwa watu wenye vichwa vilivyonyolewa, na wote waliuawa. Vikaonekana vitabu vingi. Washindi wakatafuta mtu wa kuwasomea, wasipate, maana wasomaji walikuwa wamekwisha kuuawa. Ndipo walipogundua kwamba ngome nzima ilikuwa madrasa. Ni ukurasa mchungu, na mwandishi wake alikuwa upande wa walioshinda. Lakini Nalanda haitajwi, na maktaba inayowaka miezi mitatu haimo. Wanahistoria wengi wanaona mahali hapo palikuwa Odantapuri, kwenye mji wa leo wa Bihar Sharif, mwendo mfupi kutoka Nalanda.

Nalanda yenyewe iliungua, tena kabla ya Bakhtiyar kuzaliwa. Maandishi ya jiwe ya mwaka wa 11 wa utawala wa Mahipala wa Kwanza, karibu na mwaka 1000, yanamtaja mtu aitwaye Baladitya aliyelirudisha hekalu baada ya kuteketea kwa moto. Baladitya alikuwa na mali, na palikuwa na sababu ya kuitumia, basi hekalu likasimama tena. Kadhalika nyumba namba 1, iliyotupa lile bamba, ilijengwa upya juu ya magofu yake mara kadhaa. Simtetei Khalji hata kidogo. Damu ya Odantapuri ni damu, na wanaotaka kuipunguza ili isiwaudhi watu wa leo wanawakosea wafu. Wanaoikuza ili wamchukie jirani yao wa leo nao wanawakosea vilevile. Ninachosema ni kwamba taasisi inayolishwa huungua ikajengwa. Vita vya mwisho wa karne ya 12 viliikuta Nalanda haina tena mjenzi.

Tuna shahidi wa mwisho. Dharmasvamin, mtawa wa Tibeti, alifika mnamo 1235, kizazi kizima baada ya uvamizi wa Bakhtiyar. Alikuta majengo mengi yakiwa yameharibiwa na nyumba mbili zinazokalika. Ndani yake mzee Rahula Shribhadra, aliyevuka miaka 90, alikuwa akiwafundisha sarufi ya Kisanskriti wanafunzi wapatao 70. Mmoja wa wachache waliokuwa wakimhudumia alikuwa Jayadeva, Mbrahmani. Askari waliopiga kambi Odantapuri walimkamata Jayadeva, naye akapenyeza ujumbe kwamba wanakuja kumuua mzee. Wanafunzi wakatawanyika. Dharmasvamin akakataa kumwacha mwalimu wake, akambeba mabegani wakajificha hekaluni hadi askari walipotafuta, wakakosa, wakaondoka.

Ukizipanga hesabu hizo pamoja, vijiji 200 wakati wa Yijing na wafadhili wachache kama Jayadeva mwaka 1235, mwenendo unaonekana bila haja ya moto. Na bado somo liliendelea. Wafadhili wachache kama Mbrahmani huyo walitosha kwa darasa la watu 70. Hili linanigusa kuliko zama za utukufu, kwa sababu Jayadeva hakuwa na faida yoyote ya kisiasa katika alichofanya, na nusura kimgharimu roho.

Vitabu navyo vilikuwa vimeshaondoka kwa wingi kabla ya msiba. Xuanzang alirudi Chang'an, mji mkuu wa China wakati huo, mwaka 645 na matini 657 mgongoni mwa farasi 20, akatumia miaka yake yote iliyobaki kutafsiri. Yijing alibeba takriban 400. Watibeti walitafsiri karne baada ya karne, na Shakyashribhadra, mkuu wa mwisho wa Vikramashila, alikimbilia kwao mwaka 1204 akiwa na wanafunzi wake. Kilichookoa elimu ya Nalanda ni ile ada ya kunakili iliyoandikwa kwenye bamba la shaba, pamoja na wageni waliokubaliwa kuondoka na nakala. Hata midahalo ilihama. Katika monasteri za Sera, Drepung na Ganden, zilizoanzishwa upya Karnataka kusini mwa India baada ya Watibeti kukimbia mwaka 1959, vijana bado wanasimama uani wakipiga makofi kwenye kila hoja, mpinzani ameketi chini, na kitabu wanachogombania mara nyingi ni cha Dharmakirti.

Serikali ya India ilipitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu kipya cha Nalanda mwaka 2010, masomo yakaanza Rajgir mwaka 2014, na kampasi mpya ikazinduliwa mwaka 2024. Magofu yenyewe yaliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2016. Mengi yamesemwa kuhusu majengo hayo mapya, na ni mazuri. Mimi nitauliza yaliyomo kwenye bajeti: fungu la mgonjwa liko wapi, fungu la ukarabati, fungu la mnakili? Kwa sababu kazi ya mnakili haijaisha. Miaka ya 1930 msomi wa Kihindi Rahul Sankrityayan alisafiri Tibeti mara kadhaa, akavumbua katika monasteri za huko miswada ya Kisanskriti iliyodhaniwa imepotea, ikiwemo ya kazi za Dharmakirti. Akapiga picha na kunakili kwa mkono alizoweza, akazileta Patna. Kuihariri na kuichapisha miswada ya namna hiyo ni kazi ya miaka mingi kwa kila kitabu, na wanaoiweza ni wachache mno, wengi wao wakitegemea ruzuku za muda mfupi. Mfadhili anayetaka jina lake litajwe Nalanda angeanzia kwenye mishahara yao.